Chupa ya gololi, kigae cha kauri na habari za meli ya dhahabu Kunduchi: naomba ushauri

Mstaafu wa Ununio

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ununio, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam. Tangu nilipoacha kazi nimejizoesha kutembea ufukweni maji yanapokupwa, kutoka huku kwetu hadi Kunduchi na kurudi, mara nyingi nikiongozana na mjukuu wangu wa darasa la tano, ambaye macho yake yako karibu na mchanga kuliko yangu na ndiye mwokotaji mkuu. Hatukuanza kwa kutafuta kitu chochote. Lakini kusi ya mwaka huu ilivuma kwa nguvu na kuukwangua mchanga hadi mizizi ya mivinje ikabaki inaning'inia, na katika siku za bamvua, yaani za maji makubwa, zilizofuata tuliokota vitu vitatu ambavyo sasa vimezua mjadala nyumbani kwangu.

Kitu cha kwanza ni kipande cha juu cha chupa, yaani shingo na mabega, cha kioo kizito chenye rangi kati ya kijani na buluu. Shingo yenyewe imebinywa pande mbili kama mtu aliyeishika kwa vidole ingali laini, na ndani yake imo gololi ya kioo ambayo huviringika ukiiinamisha lakini haitoki. Ubavuni zimebaki herufi chache zilizovimba, zimelika kiasi kwamba sithubutu kuzisoma. Kitu cha pili ni kigae cha sahani au bakuli, cheupe chenye maua ya buluu, upana wake kama kiganja cha mtoto. Cha tatu ni sarafu nyekundu ya shaba iliyoliwa na chumvi; upande mmoja naona ndege mwenye mabawa yaliyotandazwa, na upande wa pili pana maandishi ya Kiarabu.

Nilimwonyesha jirani yangu, mtu mwema ambaye tumeishi naye miaka mingi, naye akaniambia kwamba hizo ni alama. Anasema mbele ya Kunduchi, baada ya mwamba, imelala meli ya Mjerumani iliyozama mwaka 1916 ikikimbia na masanduku ya dhahabu, na kwamba kundi lake lina ramani na linachangishana shilingi laki nne kila mtu ili kukodi mashua na detekta, yaani kifaa cha kutambua metali. Wakati huo huo, mwenye duka moja la vinyago na vitu vya kale ameniahidi shilingi elfu thelathini kwa kile kipande cha chupa.

Naomba kuelezwa mambo matatu. Je, vitu hivi ni vya zamani kiasi gani, na mtu asiye mtaalamu anaweza kutambuaje? Je, kisheria ni vya nani? Na je, habari ya meli ya dhahabu ina msingi wowote, kwa sababu jirani anasubiri jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi?

---

Fundi Vioo

Shikamoo Mwalimu. Nimekusanya chupa kuukuu kwa zaidi ya miaka kumi, nyingi nikiziokota upande wa Kigamboni, kwa hiyo niruhusu nianze na hiyo yenye gololi, ambayo kwa maelezo yako sina shaka nayo hata kabla ya kuona picha.

Hiyo ni chupa ya soda ya mtindo uliobuniwa na Mwingereza Hiram Codd mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kabla ya hapo vinywaji vya gesi vilizibwa kwa kizibo cha gome, na gome likikauka hunywea, gesi ikatoroka. Ndiyo sababu kulikuwa na chupa zenye kitako cha duara kama yai, zisizoweza kusimama, ambazo zilipaswa kulazwa ili kinywaji kiloweshe kizibo muda wote. Codd aliondoa gome kabisa. Mdomoni aliweka pete ya mpira, na ndani ya shingo akaiacha gololi. Chupa ilijazwa ikiwa imepinduliwa, na ilipogeuzwa gesi yenyewe iliisukuma gololi juu ikaubana mpira. Mnywaji aliisukuma gololi chini kwa kidole au kijiti, na ile sehemu iliyobinywa uliyoieleza ndiyo iliyoizuia isianguke ndani ya chupa. Watoto wa miji mingi duniani walizivunja chupa hizi ili wapate gololi za kuchezea, na kwa sababu hiyo nzima zimebaki chache.

Hata hivyo usikimbilie kusema kwamba ni ya wakati wa Sultani Barghash wa Zanzibar, katika karne ya 19. Mtindo huo uliendelea kutumika kwa muda mrefu, na huko India soda ya gololi inauzwa mpaka leo. Umri wake lazima utafutwe katika dalili nyingine, na dalili ninayoiamini kuliko zote ni mshono. Chupa iliyopulizwa ndani ya kalibu, yaani chombo cha kuipa umbo, ina mstari mwembamba ubavuni, mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Kwa chupa nyingi za karne ya 19, mstari huo hupanda na kufifia shingoni kabla ya kufika mdomoni, kwa sababu mdomo uliongezwa na kusawazishwa kwa mkono. Mashine ya Mmarekani Michael Owens, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1903, ilitengeneza chupa nzima kwa pamoja, na tangu hapo mstari hupanda hadi juu ya mdomo. Pitisha ukucha wako taratibu. Ukucha huona kuliko jicho. Kwa chupa ya gololi pekee dalili hii ina mtego, kwa sababu mdomo wake ulimaliziwa kwa zana baada ya gololi kutumbukizwa, kwa hiyo tazama pia mapovu ndani ya kioo na unene usiolingana.

Dalili nyingine ni rahisi zaidi. Ukiokota shingo yenye ukingo wa kushikiwa na kizibo cha bati, kama cha soda zetu za leo, ujue haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1892, kwa sababu ndipo William Painter wa Baltimore alipopata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kizibo hicho. Ukiona herufi D.R.G.M., hiyo ni alama ya usajili wa Kijerumani iliyoanza 1891. Kioo kinachoonekana cheusi kikiinuliwa juani hugeuka kijani kibichi cha zeituni, na rangi hiyo hutokana na chuma kilichomo katika mchanga. Kioo cheupe kilichosafishwa kwa manganisi huwa cha zambarau kikipigwa na jua kwa miaka mingi, ingawa siku hizi wapo wanaokipaka rangi hiyo kwa mionzi ili wauze ghali.

Nimalizie kwa jambo ambalo wageni wa kazi hii hulisahau. Chupa pwani yetu haikutupwa baada ya kinywaji kwisha. Ilitiwa samli, mafuta ya nazi, asali, mafuta ya taa, ikapita mikono ya kizazi kimoja hadi kingine. Kwa hiyo mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kuanguka mchangani vinaweza kutofautiana kwa miaka hamsini, na mtu anayekuambia "chupa hii ya 1880, basi meli ilizama 1880" anaruka hatua.

---

Baharia Mkongwe

Mwalimu, mwenzangu kwa umri, mimi nilifanya kazi za bandari mpaka nilipostaafu, na nimesikia habari za meli ya dhahabu mara nyingi sana: safari hii ikiwa Kunduchi, safari nyingine Mbudya, mara Ras Kutani, na dhahabu huongezeka kila inaposimuliwa. Tuipime kwa tarehe zinazojulikana.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walikizamisha wao wenyewe chelezo kinachoelea, yaani gati la kukarabatia meli, katika mlango wa bandari ya Dar es Salaam ili kuwazuia Waingereza wasiingie. Manowari yao kubwa, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika matawi ya Mto Rufiji, ikazingirwa, na tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa mpaka mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa na kukokotwa nchi kavu, na mmojawapo unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa. Watu waliong'oa mizinga yenye uzito wa tani kutoka kwenye tope la Rufiji hawangeacha sanduku la dhahabu nyuma.

Sasa tuje kwenye dhahabu yenyewe. Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani inayojulikana kwa wakati ule ni ile ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na ilipigwa mwaka 1916 katika karakana ya reli huko Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka 16,198 tu. Tazama ramani, Mwalimu. Tabora iko zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini kwa njia ya reli. Mwaka huo pwani yote ilikuwa imezingirwa na manowari za Waingereza, na Dar es Salaam ilisalimu amri tarehe 4 Septemba 1916. Wajerumani walikuwa wakirudi nyuma kuelekea bara na kusini, si kukimbilia baharini. Meli mbili zilizofaulu kupenya mzingiro, Rubens iliyofika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mwaka 1915 na Marie iliyofika Sudi karibu na Lindi mwaka 1916, zilikuja zikileta silaha na risasi. Meli iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1916 imejaa dhahabu ingelazimika kwanza kupata dhahabu, kisha bandari, kisha bahari, na Mjerumani hakuwa na kimojawapo.

Nakubali kwamba mabaki ya vyombo yapo. Kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872 kiliangamiza karibu merikebu zote za Sultani zilizokuwa Zanzibar, na kila mvuvi wa Kunduchi anajua mahali ambapo nyavu hunasa kwenye mbao au chuma. Lakini chombo kilichozama kwa kawaida hubeba kile ambacho watu walikihitaji: mchele, mbao za boriti, mitungi, nguo, chuma. Halafu kumbuka kwamba katika Pegasus walikufa watu, na waliozikwa wako kwenye kisiwa cha Chapwani. Si kila kilicho chini ni mali. Pengine ni kaburi.

Kuhusu mchango wa laki nne, mimi mwenyewe niliwahi kutoa fedha yangu kwa kundi la namna hiyo miaka ya nyuma. Tulionyeshwa rupia iliyodaiwa kuvuta punje za mchele kama sumaku, tukaonyeshwa karatasi iliyopakwa chai ili ionekane kuukuu, na ramani ilikuwa na jina la mtaa ambao wakati wa Mjerumani haukuwepo. Nilitambua hilo la mtaa baada ya kulipa.

---

Mtunza Kumbukumbu

Shikamooni wazee. Nilisoma mambo ya kale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo nitajibu swali la sheria, na nitagusa kile kigae kwa sababu ndicho kilichonishtua kuliko chupa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ni Sura ya 333, imeweka mpaka katika mwaka 1863. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka huo ni kumbukumbu ya kale inayolindwa. Aliyeigundua anatakiwa kutoa taarifa, na haruhusiwi kuitoa nje ya nchi bila kibali. Kuchimba kwa lengo la kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni, hata kama aliye na jembe amefunga safari kwa nia njema na detekta yake ni ya kukodi. Kwa milango iliyochongwa mpaka ni mwaka 1940, lakini hilo halikuhusu labda kama umeokota na mlango. Kitu kilichotoka katika chombo kilichozama kina njia yake nyingine, kwa sababu Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2003 inashughulikia mabaki ya meli, na anayeyapata hawi mmiliki wake kwa kuyapata tu.

Kwa mpaka huo, chupa ya mtindo wa Codd haiwezi kuwa ya kabla ya 1863. Sarafu yako nayo naitambua: ndege ni tai wa Kijerumani, na maandishi ya Kiarabu yanaitaja Kampuni ya Wajerumani. Hiyo ni pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kati ya mwaka 1890 na 1892, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Ilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo haitakutajirisha. Mwaka 1904 mfumo ulibadilishwa, rupia ikagawanywa kwa hela 100, na hapo ndipo tulipopata neno la hela, zile ambazo jirani yako anakuomba laki nne.

Kigae ni habari nyingine. Kunduchi yapo magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, mengi ya karne ya 18, na makaburi hayo yalipambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka China zilizopachikwa kwenye chokaa. Nyingi zimeng'olewa au kuvunjika, na zimebaki duara tupu kwenye kuta. Kigae cheupe chenye maua ya buluu kilichookotwa kati ya Ununio na Kunduchi kinaweza kuwa kimetoka huko, na kikiwa hivyo kinalindwa na sheria hiyo, tena ni kipande cha kaburi la mtu.

Lakini kinaweza pia kuwa bakuli la kawaida la Ulaya. Karne ya 19 viwanda vya Maastricht huko Uholanzi vilituma pwani yetu bakuli nyingi zenye maua, na wengi huzidhania kuwa za Kichina. Jaribio la kwanza ni la ulimi. Osha kigae kwa maji baridi, kikauke kabisa kwa siku kadhaa, kisha gusisha ncha ya ulimi kwenye ukingo uliovunjika. Udongo wa Ulaya una vinyweleo, hivyo utaubana ulimi kidogo. Kauri ya kweli imeiva kama kioo na haibani. Kisha tazama maua kwa lenzi: kama ni mistari ya burashi, wino utakuwa mzito mahali burashi ilipotua na mwepesi ilipoinuka; kama ni muhuri, ua moja litajirudia na kasoro ile ile.

Usikiuze chochote kabla ya kupiga picha na kuandika. Kitu kilichookotwa kina thamani mbili, ile ya dukani na ile ya mahali kilipolala, na ya pili hupotea siku unapokitia mfukoni bila kumbukumbu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, hali ya maji, umbali kutoka mahali panapofahamika, na alama ya ramani kutoka kwenye simu yako. Weka rula kando ya kitu unapopiga picha. Ukimaliza, kigae kipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, au kitolee taarifa Idara ya Mambo ya Kale.

Kwa wanaodhani kuchimbua chombo ni kazi ya wiki moja, nitaje mfano wa jirani zetu. Merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa na Waomani, na wataalamu waliifanyia kazi kuanzia 1977 hadi 1980. Walichokileta juu ni vyombo vya kila siku vya mabaharia na vipande vya merikebu, vinavyotunzwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Mbao iliyokaa majini karne tatu ikiachwa ikauke yenyewe hunywea na kupasuka, na chuma hubomoka kwa chumvi iliyomo ndani yake. Anayekwenda na nyundo na mashua ya kukodi hapati hazina, anapata vumbi.

---

Kijana wa Mtongani

Shikamooni wote. Mimi ni mvuvi hapa Kunduchi, na ninaheshimu elimu iliyotolewa, ila kuna mambo mawili nataka yasemwe na mtu anayelala na kuamka ufukweni.

La kwanza ni kwamba mnazungumza kama vitu hivi vimetoka baharini. Wazee wetu huonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na minazi na nyumba, na ukifuata kidole chao unaona maji. Ufuo wa Kunduchi umeliwa kwa miaka mingi, na uchimbaji wa mchanga katika vijito vinavyomwaga huku uliongeza tatizo, kwa sababu mchanga ambao ungekuja kuziba pengo ulipakiwa kwenye malori ukaenda kujenga nyumba. Bahari inapoikata kingo, inakata jalala la nyumba ya zamani. Nimewahi kuona kwa macho yangu, baada ya mawimbi makubwa, tabaka jeusi la majivu na makome kwenye ukingo wa udongo, na chupa zikitokeza humo kama meno. Chupa ya Mwalimu ilitupwa nyuma ya nyumba ya mtu, na bahari imeifuata huko. Kama jirani angeuliza wavuvi kabla ya kununua ramani, tungemwambia bure.

La pili ni la maisha. Sisi huokota vioo vilivyosuguliwa na mchanga tukawauzia akina mama wanaotengeneza mikufu, na chupa nzima tukiipata tunaiuza. Je, Mtunza Kumbukumbu anataka kila chupa ya soda ipelekwe makumbusho? Na mtu akienda kutoa taarifa, akaambiwa arudi kesho, na kesho tena, nauli yake nani atairudisha?

---

Mtunza Kumbukumbu

Ndugu yangu wa Mtongani, nashukuru sana kwa hoja ya ukingo, kwa sababu imenisahihisha. Mimi nilifikiria makaburi nikasahau majalala, na jalala kwa mtu wa kazi yangu ni bora kuliko sanduku la dhahabu. Tafadhali usilichimbe tabaka hilo. Lipige picha kila linapojitokeza, kwa sababu wimbi la mwaka ujao litalichukua kama lilivyo.

Kuhusu biashara, sitaki chupa ya soda ipelekwe popote. Kioo kilichosuguliwa na chupa za baada ya 1863 zilizolala juu ya mchanga wa kawaida si jambo la Sheria ya Mambo ya Kale. Ninachokiomba ni kuacha kabisa vitu vya aina tatu: kauri ya Kichina na shanga zinazotoka karibu na magofu, kitu chochote kilichomo ndani ya chombo kilichozama, na chochote kilicho Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ambavyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, ambako hata kome haliokotwi. Suala la nauli umesema kweli, na sina jibu zuri. Picha iliyo na tarehe na mahali hutumwa kwa simu, na kwangu mimi hiyo ni taarifa tayari.

---

Baharia Mkongwe

Naongeza jambo moja kwa ajili ya mjukuu wa Mwalimu. Akikutana na kitu cha chuma chenye umbo la chupa, kizito kuliko kinavyoonekana, kilichochongoka upande mmoja na chenye pete ya shaba kiunoni, asikiguse, asikigonge, na asikilete nyumbani kumwonyesha babu. Risasi za mizinga za vita vile hazikulipuka zote, na kukaa baharini miaka mia hakuzifanyi ziwe salama. Weka alama mbali nacho, kisha waite polisi. Hali ni hiyo hiyo kwa chupa ya plastiki iliyozibwa na kufungiwa utambi, kwa sababu hapa kwetu wapo wanaovua kwa baruti.

Na kwa ajili ya babu mwenyewe: usitembee hadi mwisho wa mwamba siku ya bamvua bila kuangalia saa. Maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yanaporudi hupitia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako.

---

Mstaafu wa Ununio

Nawashukuru wote, na ninaomba radhi kwa kukawia kurudi, kwani nilisubiri kigae kikauke kama nilivyoelekezwa.

Ulimi haukubanwa. Nilirudia mara tatu, mke wangu akirudia mara ya nne kwa kutoniamini, na kwa kulinganisha tukajaribu kigae cha mtungi wetu uliovunjika, ambacho kilibana sawasawa. Kwa lenzi ya kusomea, petali moja ni nzito mwanzoni na nyepesi mwishoni, na hakuna petali mbili zinazofanana. Jumatatu nitakipeleka Mtaa wa Shaaban Robert pamoja na karatasi ambayo mjukuu ameiandika kwa mwandiko wake: tarehe, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, hatua 212 kusini ya mvinje uliolala. Nilimwambia hatua zake si hatua zangu, akaandika pembeni kimo chake.

Ukingo aliousema kijana wa Mtongani tumeuona. Uko mbele kidogo ya mahali tulipookota chupa, na majivu yake yamo pamoja na mifupa ya samaki na makome ya chaza. Tumepiga picha, hatukugusa.

Jirani nilimsomea maelezo ya Baharia, nikamwonyesha Tabora kwenye atlasi ya shule. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba basi dhahabu lazima ipo Tabora. Sikuchangia. Naona na yeye mwenyewe bado hajalipa, ingawa hakusema.

Chupa sijaiuza. Mwenye duka amepandisha hadi elfu arobaini, lakini mjukuu ameiweka dirishani na ana swali lake, ambalo nalipeleka kwa Fundi Vioo kama alivyolisema: je, ipo njia ya kuitoa ile gololi bila kuvunja shingo?

---

Fundi Vioo

Mwambie hakuna. Gololi iliingizwa kioo cha mdomo kikiwa bado cha moto na kipana, kisha mdomo ukabanwa kwa zana mpaka ukawa mwembamba kuliko gololi yenyewe. Tangu siku hiyo haijatoka. Anachoweza kufanya ni kuiloweka shingo katika maji baridi kwa wiki mbili, akibadilisha maji kila siku, ili chumvi na mchanga uliokwama uondoke. Baada ya hapo itaviringika vizuri zaidi, na ataisikia ikigonga kioo.